Siku Saba Baharini: Vituko Vyetu Ndani ya Meli ya Watalii

Kwa wengi wetu akina mama neno likizo ni la watoto wa shule. Watoto wakifunga shule, mama ndiyo kwanza anaongezewa kazi. Na ile likizo yetu ya kazini ya siku 28 kwa mwaka huishia shambani, msibani, wodini kuuguza ndugu, au kwenye kupaka nyumba chokaa. Hatusemi hivi kwa kulalamika. Tunasema ili mwelewe kwa nini, tulipoambiwa kwamba tutakaa siku saba ndani ya meli ya watalii huko Ulaya, baba watoto aliuliza swali moja tu: "Tunakwenda kufanya nini?"

Aliyetualika ni wifi, dada yake baba watoto, ambaye anaishi na kufanya kazi Ujerumani. Kwa miaka sita tulimuuguza mama yao nyumbani kwetu Iringa baada ya kupatwa na kiharusi. Wifi alituma fedha za dawa, nasi tukatoa mikono. Mama alipolala katika Bwana, wifi alituita sebuleni akasema, "Kaka, wewe na wifi hamjalala nje ya nyumba hii pamoja hata usiku mmoja kwa miaka sita. Safari hii nalipa mimi, na sitaki ubishi."

Alisema kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine asilolijua. Baada ya mazishi nyumba yetu ilikuwa kimya mno. Miaka yote hiyo mazungumzo yetu yalikuwa dawa, zamu za usiku, ada za shule na shuka za kufua. Mgonjwa alipoondoka, tukawa tunakaa mezani tukitazamana kama abiria wawili waliokutana kituo cha basi. Hatukugombana. Tulikuwa tumeishiwa maneno.

Basi, Septemba 2023 tukapanda ndege hadi Italia. Meli yetu iliondoka bandari ya Genova, ikapita Civitavecchia, Palermo, na Valletta katika kisiwa cha Malta. Ikakaa siku nzima baharini, kisha ikatia nanga Barcelona, halafu Marseille, na kurudi Genova. Katika sisi wawili, mmoja ni muuguzi na mwingine ni mwalimu wa hesabu. Wote wawili tulijua kuhudumia watu. Kuhudumiwa ndiko kulikotushinda.

SANDUKU LAENDA KWINGINE

Vituko vilianza kabla hatujaiona bahari. Masanduku yetu yalikuwa mawili, likafika moja. Lile lililobaki njiani ndilo lililokuwa na suti ya baba watoto, viatu vyake vya kung'arisha na suruali zake zote isipokuwa aliyoivaa. Tukaandikisha taarifa pale uwanjani, tukaambiwa litatufuata katika bandari mojawapo.

Kilichotuokoa ni mkoba wa mkononi. Ndani yake kulikuwa na dawa za presha za baba watoto, miwani yake, khanga mbili, na shati la kitenge alilozawadiwa na umoja wa akina mama kanisani. Shati lenyewe lilikuwa la rangi ya chungwa, lenye picha za kuku na vifaranga vyao. Alikuwa ameapa kutolivaa nje ya Iringa.

Tukapanda melini. Jambo la kwanza katika meli yoyote ya abiria ni zoezi la usalama. Ikilia milio saba mifupi na mmoja mrefu, maana yake ni hatari, na kila mtu huenda mahali pake pa kukusanyikia. Zoezi hili si la mchezo. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Ilikuwa na watu zaidi ya 4,000, na 32 kati yao walikufa. Baadhi ya abiria waliopanda siku hiyo hiyo walikuwa bado hawajafanya zoezi. Kwa hiyo tangu mwaka 2015 sheria ya kimataifa inataka lifanyike kabla meli haijaondoka, au mara tu inapoondoka.

Baba watoto, kama mwalimu, hulipenda zoezi lolote. Alilivaa jaketi la kuokolea maisha, akafunga kila mkanda, na zoezi lilipokwisha akaendelea kulivaa. Akaingia nalo chumba cha chakula, akapanga foleni na sahani mkononi, rangi ya chungwa kutoka kiunoni hadi masikioni. Mhudumu alipomwomba kwa adabu alivue, alijibu, "Meli haijazama bado, lakini haijafika pia."

UGALI WA GENOVA

Chakula melini hakina mwisho. Unajipakulia mwenyewe asubuhi, mchana na usiku. Hata hivyo, jioni hiyo baba watoto aliizunguka meza ndefu kuliko kanisa letu akitafuta kitu kimoja. Aliporudi uso ulikuwa umenuna. "Wana samaki wa kila aina, lakini hawana cha kulia huyo samaki."

Wifi akacheka, akazungumza na mhudumu. Kumbe Waitalia wa kaskazini wanao ugali wao. Wanauita polenta. Ni unga wa mahindi uliosongwa, wa njano na laini kidogo. Mahindi yalifika kwao kutoka Amerika baada ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492, na Columbus mwenyewe alizaliwa hapo hapo Genova. Hata sisi mahindi yetu yana asili ya huko Amerika. Sahani ilipowekwa mezani baba watoto aliinuka, akanawa mikono, akakata tonge. Familia ya meza ya jirani iliacha kula ikamtazama. Mtoto wao mdogo akaweka uma chini naye akatia mkono sahanini. Mama yake alitutupia jicho ambalo akina mama wote duniani mnalifahamu.

Kahawa ilikuwa na mtihani wake. Italia ukiagiza kahawa unaletewa kikombe kidogo kama cha muuza kahawa wa Kariakoo, na ndani yake mafunda mawili tu. Baba watoto aliyanywa, kisha akakaa dakika kumi akisubiri kahawa yenyewe. Wifi naye alisikia bibi mmoja akiagiza "latte", akaletewa glasi ya maziwa matupu, kwa maana kwa Kiitalia latte ni maziwa.

MBIO ZA CIVITAVECCHIA

Siku ya pili meli ilitia nanga Civitavecchia. Hii ndiyo bandari ya watalii wanaokwenda Roma, lakini Roma yenyewe iko kiasi cha kilomita 70 kutoka hapo. Tulikwenda kwa treni, mwendo wa kama saa moja. Tuliiona Colosseum, tukaona kanisa la Mtakatifu Petro, tukaanza kurudi mapema kwa hesabu ya mwalimu aliyeacha saa mbili za akiba. Katikati ya mashamba treni ikasimama. Spika ikatangaza kwa Kiitalia. Abiria wakaguna kwa Kiitalia. Saa ya kwanza ya akiba ikaisha hapo hapo.

Ndugu wasomaji, meli haisubiri. Aliyekwenda matembezi yaliyopangwa na meli yenyewe husubiriwa, lakini aliyekwenda kivyake akichelewa hujitafutia usafiri hadi bandari inayofuata kwa fedha yake. Bandari yetu iliyofuata ilikuwa Palermo, na Palermo iko kisiwani. Kutoka stesheni hadi melini tulikimbia. Wifi mbele, sisi nyuma, baba watoto amebeba viatu vyetu vya visigino mkononi kama samaki wawili. Kule juu sitahani mamia ya watu walikuwa wamejipanga wakitushangilia kama wachezaji wa timu ya taifa. Tulivuka lango zikiwa zimebaki dakika nne.

Hatukucheka. Tulikuwa na jasho, hofu na hasira ya kuchoka. Baba watoto alisema ni afadhali tungebaki melini. Sisi tukajibu kwamba asiyetaka kuiona Roma angelisema asubuhi. Kisha tukanyamaza, na kimya kilikuwa kile kile cha nyumbani.

NYANI CHUMBANI

Usiku tulirudi chumbani kila mtu na lake moyoni. Baba watoto alifungua mlango kabla ya taa kuwaka. Mwanga wa korido ukaangukia kitu cheupe kikining'inia darini, mikono miwili juu, miguu inabembea, na usoni kimevaa miwani.

"Nyani!" alipiga kelele. Kwa mtu wa kwetu, ambaye mahindi yake huliwa na nyani kila msimu, hilo si neno la mzaha. Akavua kiatu chake, kumbuka ndicho pekee alichobaki nacho, akakivurumisha. Kikampata nyani kifuani. Nyani akafunguka, akaanguka kitandani, akawa taulo mbili.

Wahudumu wa vyumba melini wana desturi hiyo. Hukunja mataulo kuwa tembo, bata, au nyani wa kutundika, na wakikuta miwani yako mezani humvisha. Wifi alikuja mbio kutoka chumba cha pili: "Wifi, kaka ana nini?" Hatukuweza kumjibu. Tulikuwa tumekaa sakafuni tukicheka hadi machozi, baba watoto ameshika taulo, akisema, "Ana miwani yangu! Mama, alikuwa na miwani yangu!" Hatukumbuki mara ya mwisho tulicheka hivyo lini. Huenda ni kabla ya kiharusi cha mama. Usiku ule tuliongea hadi saa nane, na hatukugusa habari ya ada.

HAMSINI YA MALTA

Kuanzia hapo safari ikawa nyingine. Huko Valletta, kutoka bandarini tulipanda lifti ndefu ya mita 58 hadi bustani za juu. Tuliwaza habari za Paulo, ambaye merikebu yake yenye watu 276 ilivunjika katika kisiwa hiki, akakaa miezi mitatu. Sisi sanduku moja tu lilikuwa limetutia huzuni.

Sokoni tulipenda kitambaa cha mezani cha lesi, kazi ambayo Malta inasifika kwayo. Muuzaji akataka euro 70. Kisha akamgeukia mwenzake akasema jambo kwa Kimalta, ndani yake tukasikia "hamsin". Baba watoto akaruka: "Hamsini! Haya, hamsini tunalipa!" Muuzaji alibaki mdomo wazi. Kumbe Kimalta kina asili ya Kiarabu, na Kiswahili nacho kimechukua hesabu zake nyingi huko huko. Sita kwao ni sitta, mia ni mija, elfu ni elf. Tulilipa hamsini, na muuzaji akamwomba mwalimu ahesabu tena mbele ya wenzake.

Siku iliyofuata, ile ya baharini, ilikuwa na karamu ya usiku ambayo watu huvaa nguo rasmi. Wanaume wote walivaa suti nyeusi na tai. Baba watoto alikuwa na kuku na vifaranga. Aliingia ameinamisha kichwa. Kufikia kitindamlo, wazee wanne walikuwa wameomba kupiga naye picha, na bibi mmoja alimwuliza wifi kama kaka yake ni chifu. Wifi akajibu bila kupepesa, "Ndiyo, wa kidato cha pili." Suti ilifika kesho yake, Barcelona, imekunjamana.

Barcelona tuliliona kanisa la Sagrada Familia, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1882, na siku tuliyofika mafundi walikuwa bado juu. Baba watoto ni mweka hazina wa kamati ya ujenzi kanisani kwetu, na huulizwa kila Jumapili paa litakwisha lini. Alipiga picha saba. Alisema hiyo ndiyo dawa bora aliyoipata safari nzima.

ALIYESHIKA NDOO

Kati ya Barcelona na Marseille kuna ghuba ambako upepo uitwao mistral hushuka kwa nguvu kutoka bonde la mto Rhône. Usiku huo ulishuka. Meli kubwa kama mtaa ikaanza kupanda na kushuka. Baba watoto alikuwa amejigamba kwamba boti ya Unguja haijawahi kumtapisha, na kweli hakutapika. Aliyelala chali alikuwa muuguzi.

Kichefuchefu cha bahari huja kwa sababu sikio la ndani huuambia ubongo kwamba mwili unasogea, na macho yanayotazama kuta za chumba huuambia kwamba umetulia. Ubongo ukichanganyikiwa, tumbo ndilo hulipa. Ukiweza, nenda katikati ya meli, sitaha za chini, au toka nje ukatazame upeo wa bahari. Kunywa maji kidogo kidogo, kula kitu kikavu. Tangawizi huwasaidia wengi. Dawa za kuzuia zipo, lakini huleta usingizi, na mjamzito asizimeze bila kumwona daktari.

Tulijua haya yote, na usiku ule ujuzi haukusaidia kuinua kichwa. Baba watoto alitafuta ndoo. Alikwenda jikoni akarudi na biskuti na chai ya tangawizi. Alilowesha khanga akatupangusa uso. Kwa miaka sita mikono ya nyumba ile iliyoshika ndoo ilikuwa ya mwanamke mmoja. Alfajiri, bahari ilipotulia, alisema taratibu, "Sikujua kushika ndoo kunachosha hivi. Kwa mama ulishika kwa miaka sita. Asante." Wapendwa, shukrani hiyo hatukuwahi kuisikia nyumbani. Ilisubiri upepo wa Marseille.

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango ili yakachukuliwe. Baba watoto alipanga yote kwa bidii ya mwalimu, akayatoa mapema. Asubuhi akagundua kwamba suruali zote zimekwenda nayo, hata ile ya mwilini jana. Alishuka Genova na koti la suti, pajama, na khanga yetu kiunoni. Khanga hiyo ilikuwa imeandikwa NIMETULIA NA WANGU.

KWA MAMA ATAKAYESAFIRI

Ukijaliwa safari kama hii, shika haya machache. Gawanyeni nguo za kila mtu katika masanduku yote, ili likipotea moja asiwepo wa kubaki uchi. Dawa ziwe mkobani, katika vifungashio vyake. Angalia viza yako: nchi tulizopita zote zimo katika eneo la Schengen, lakini meli ikipita Uturuki, Tunisia au Uingereza unahitaji ruhusa ya kuingia tena. Nawa mikono kwa sabuni na maji kabla ya kula, kwa kuwa virusi vya norovirus, vinavyoharisha watu wengi kwa mara moja melini, havifi vizuri kwa vile vimiminika vya kupaka mikononi. Uliza mapema ada ya huduma ya kila siku, maana mara nyingi huongezwa kwenye hesabu ya mwisho. Na simu ikiwa baharini hushika mtandao wa setilaiti wa meli, ambao ni ghali mno. Mjomba alimpigia wifi kuuliza kama kweli tunaelea, na jibu la "ndiyo, mjomba" liligharimu kama mbuzi.

Lakini neno letu kwa wengi wenu si la Ulaya. Si kila nyumba ina wifi wa kulipa nauli. Kuna boti ya Unguja, kuna basi la kwenda kumwona shangazi, kuna mkeka chini ya mwembe. Wahenga wa Pwani walisema tezi na omo marejeo ni ngamani. Sisi tulirejea Iringa, ada zikiwa pale pale na paa la kanisa halijakwisha. Siku hizi kila Jumamosi baada ya chakula cha usiku tunakaa nje sisi wawili, na ni marufuku kutaja ada, dawa wala bei ya mbolea. Wiki za mwanzo tuliona haya, tukabaki kuhesabu nyota. Sasa watoto hutuuliza kutoka dirishani tunacheka nini.